MTOTO WAKO HAJAROGWA, HAJAPATA CHOO



Ndugu zangu Waislamu, leo nazungumzia jambo ambalo wengine watasema halifai kuandikwa na imamu: choo cha mtoto. Anayeona aibu akumbuke kuwa dini yetu imetufundisha dua ya kuingia chooni na dua ya kutoka, mguu wa kutanguliza na mkono wa kujitakasia. Kwa hiyo tuvumiliane.

Naletewa watoto wa kusomewa. Tumbo limejaa, chakula hataki, usiku analia, akiambiwa aende chooni anajificha nyuma ya mlango amekaza miguu. Mama anasema husda, jirani anasema jini, na kuna bwana mmoja ameshapokea pesa ya kombe. Nikiuliza, "Mara ya mwisho amepata choo lini?" wanatazamana. Siku king'amuzi kinapokatika mnaijua nyote nyumba nzima, lakini mtoto amekaa siku ngapi bila choo hakuna anayejua!

Mimi sikatazi ruqya. Qur'ani ni shifaa, na mtoto wako nitamsomea. Nakataza kuifanya Qur'ani pazia la kufichia uvivu wa jikoni kwenu.

Sikiliza jinsi inavyokuwa. Choo kikikaa sana kwenye utumbo mpana, mwili unaendelea kunyonya maji yake, kinakauka mpaka kinakuwa kama jiwe. Siku kikitoka kinachana. Mtoto naye ana akili, kesho yake anabana ili asiumie tena, na kadiri anavyobana ndivyo kinavyozidi kukauka. Ikiendelea hivyo muda mrefu utumbo unatanuka, hata ile hisia ya kubanwa na haja inapotea. Hapo choo chepesi kinapenya pembeni ya kile kigumu na kuchafua nguo, mwenyewe hana habari. Wewe unasema anaharisha, unampa dawa ya kumfunga. Au unasema ni mchafu, unachukua fimbo. Nimeletewa mvulana wa miaka 7 mgongo una alama za mkanda, kosa lake ni kuchafua kaptula. Baba yake anasema anafanya makusudi. Wallahi hafanyi makusudi! Unampiga kwa maradhi uliyomnunulia mwenyewe dukani.

Ndiyo, dukani. Tazama anachokula tangu asubuhi. Chai na maandazi, au mkate mweupe. Shuleni biskuti na juisi ya unga. Mchana wali, au ugali wa sembe iliyokobolewa mpaka ikabaki wanga mtupu. Mboga ya majani aliikataa mara moja, basi hamkumwekea tena. Maji hanywi mpaka Magharibi. Na kila akilia anapewa maziwa, kikombe juu ya kikombe, mpaka tumbo halina nafasi ya chakula. Maziwa ni neema, lakini mtoto aliyepita mwaka 1 nusu lita kwa siku inamtosha.

Na dawa yenyewe imejaa sokoni. Papai. Embe. Parachichi. Chungwa lenyewe alitafune, siyo juisi iliyochujwa. Mchicha, matembele, kisamvu, maharage, kunde, choroko. Ugali wa dona. Ndizi iwe imeiva sawasawa. Tende mnazigombania Ramadhani, Shawwal ikiandama mnazisahau. Toa kokwa, loweka chache usiku, zikatekate, asubuhi ale. Vyakula hivi vina nyuzinyuzi zinazoshika maji na kukilainisha choo, kwa hiyo ukimlisha bila kumnywesha maji kutwa nzima unaweza kumzidishia taabu. Halafu mkalishe chooni baada ya kula, dakika 5 mpaka 10, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo nao huanza kusukuma. Miguu ipate pa kukanyaga. Kama tundu la choo linamtisha mnunulie poti. Usimfokee.

Kwa watoto wachanga nitasema kwa ukali kidogo. Mnaotumbukiza vipande vya sabuni na kuwapiga bomba la majani ya miti, acheni, mnawaunguza. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya maziwa ya mama tu anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki, bila choo. Kama kikija ni laini, ananyonya vizuri na ana furaha, huyo haumwi, na maji msimpe. Lakini aliyezaliwa leo, saa 48 zikipita hajapata choo chake cha kwanza, hospitali mara moja.

Na asali! Kwamba asali ni shifaa, hilo Muislamu habishani. Lakini hata chakula cha halali kina umri wake, nyama ya ng'ombe humpi mtoto wa siku 3. Asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto wa chini ya mwaka 1 halijaweza kuvishinda, vikatoa sumu ya kulegeza misuli. Na mara nyingi dalili ya mwanzo ya sumu hiyo ni huko huko kufunga choo. Subiri atimize mwaka.

Aliyeziba muda mrefu, papai peke yake halitamzibua. Mpeleke kwa daktari apewe dawa ya kulainisha choo, na ukiambiwa aitumie miezi, tumia miezi, usiache kwa kuwa amepata choo mara mbili. Tumbo likivimba, akitapika, ukiona damu au anakonda, usingoje kesho wala usinisubiri mimi nimalize darsa.

Walimu wenzangu wa madrasa, na nyinyi hamjasalimika. Mtoto ananyoosha kidole, unamwambia amalize sura kwanza. Ametoka shule hajajisaidia kwa sababu choo cha shule kinanuka, amekuja kwako anabana mpaka Isha. Kesho kabla ya darasa ingia wewe mwenyewe kwenye choo cha watoto wako, tazama kama kuna maji, funga mlango kama unafungika, uone kama utaweza kujisaidia humo. Kisha ndiyo uje uniambie habari za mtoto asiyetulia kwenye mkeka.

Wabillahi tawfiq.