Bizimu ya Dhahabu Kiunoni mwa Mwanamume



Ndugu wazazi na wanafunzi, kila msimu wa ndoa vijana wetu hapa Kanombe wanashindana kwa mikanda. Bwana harusi anataka bizimu ya dhahabu, kazi ya mkono ya sonara, na vito juu yake. Tukimkataza anajibu: "Ustadhi, si pete wala mkufu, ni ya kufungia suruali tu."

Jibu hilo halisimami. Mtume (s.a.w.) aliharamisha dhahabu na hariri kwa wanaume wa umma wake, akazihalalisha kwa wanawake. Hakutaja pete peke yake. Katika Sahih Muslim, Ibn Abbas (r.a.) amepokea kwamba Mtume alimvua mtu pete ya dhahabu akaitupa, akaifananisha na kaa la moto. Ikiwa pete ndogo ni kaa, je, bizimu?

Wengine wanasema tunaua ufundi. Hapana! Pete ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe ilikuwa ya fedha, tena yenye maandishi ya kuchongwa. Wanaume wa Oman mpaka leo hufunga khanjar kiunoni, ala yake imenakshiwa kwa fedha. UNESCO iliuorodhesha ufundi huo mwaka 2022. Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja mshipi pamoja na upanga na mkuki, katika zana za vita ambazo mwanamume anaruhusiwa kuzipamba kwa fedha. Wanachuoni wa Kihanafi na Kihanbali wameruhusu mshipi wa fedha hata nje ya vita. Sonara basi hakosi kazi. Anayekosea ni yule anayejua kuwa dhahabu ile itavaliwa na mwanamume, kisha akaifua.

Tena lipo la zaka. Wanachuoni wametofautiana juu ya mapambo halali ya mwanamke, lakini pambo la haramu wote wanalitolea zaka. Mwenye bizimu hiyo aijumlishe na dhahabu yake nyingine. Ikifika gramu 85 na mwaka ukapita, atoe asilimia 2.5. Wangapi wanaoivaa wamewahi kuipima?

Wazazi, msikae kimya kwa kuona haya mbele ya wageni. Kijana aliyekwisha kununua hatupi mali yake: arudi kwa sonara, iyeyushwe iwe bangili, ampe mkewe katika mahari. Dhahabu itakuwa imefika mahali pake.

Wabillahi tawfiq.