TUSIKIMBILIE KUCHOMELEA



Tela letu la ng'ombe, lile la ekseli ya gari kuukuu, limekatika tena. Eti tulichomelee! Sisi tunakataa. Chuma kilichochomelewa hukatika pembeni mwa kiraka, na ugonjwa wenyewe unabaki. Tuutafute kwanza. Inua gurudumu, litikise: likicheza, beringi imelegea au imekwisha. Lizungushe: likikwaruza, mchanga umeingia au grisi imekauka. Kitovu kikiwa cha moto baada ya safari, simama hapo hapo. Na magunia jamani, tumezidisha mno! Grisi ni ya fedha kidogo; mpunga wa Majimoto ukilala matopeni ni hasara ya sote. Tulikague kila wiki, kwa zamu. Mali ya ushirika isiwe yatima.