Ufa Sakafuni: Tusimlaumu Fundi Peke Yake

Sakafu ya bwalo la shule ikipasuka, kauli ya kwanza isikikayo ni kwamba fundi ameiba saruji. Ni kauli nyepesi kutamka, lakini mara nyingi si ya haki. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kukagua bwalo moja lenye urefu wa meta 30. Sakafu yake ilikuwa imepasuka kutoka nguzo hadi nguzo, na fundi alikuwa amenyimwa sehemu ya ujira wake. Niliomba nionyeshwe michoro. Hapakuwa na kiungo hata kimoja kilichochorwa. Kosa lilikuwa letu sisi wahandisi. Aliyeadhibiwa alikuwa fundi.

Yafaa wanafunzi waelewe chanzo cha jambo hili. Zege hufanana na jiwe, lakini halitulii. Kila meta moja ya zege hutanuka kwa kiasi cha sehemu moja ya mia ya milimeta joto lake lizidipo kwa digrii 1 ya Sentigredi. Katika bamba la meta 30, badiliko la digrii 20 huleta mwendo wa milimeta 6. Zaidi ya hayo, zege likaukapo hunywea, kwa kawaida kama nusu milimeta kwa kila meta; yaani milimeta 15 katika bamba lile lile. Ardhi iliyo chini na nguzo huzuia mwendo huo, na zege hubaki likivutwa. Nguvu yake ya kuhimili mvuto ni kama sehemu moja tu ya kumi ya nguvu yake ya kuhimili mkandamizo. Basi halina budi kupasuka.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuzidisha saruji. Sikubaliani nao, kwani saruji ikizidi na maji yakazidi, zege hunywea zaidi. Nondo nazo huzibana nyufa zisipanuke; haziwezi kuzuia zege lisinywee.

Dawa ni kuuchagulia ufa mahali pake. Sakafu yenye unene wa milimeta 150 igawanywe katika miraba ya meta 4 hadi 5, kwa mikato yenye kina cha robo ya unene huo. Mikato ifanywe mara zege linapoweza kuhimili msumeno, kwa kawaida siku ile ile lilipomwagwa. Ufa utatokea chini ya mkato, usimkere mtu. Kila nguzo itengwe na sakafu kwa ubao laini. Pale yapitapo magari, nondo laini zilizopakwa grisi upande mmoja zivuke kiungo, zipate kubeba mzigo bila kuzuia mwendo. Hatimaye mianya izibwe kwa lami, maji na vijiwe visiingie.

Kwa maoni yangu, mchoro wa sakafu usioonyesha viungo usiidhinishwe. Nanyi walimu, wapelekeni wanafunzi kwenye kiungo cha sakafu iliyo juani wapime upana wake alfajiri na adhuhuri. Wataona kwamba mwanya hupungua jua linapokuwa kali.

Ripoti yangu ilimrudishia fundi yule ujira wake. Haikumrudishia kazi alizozikosa wakati jina lake lilipokuwa likitajwa pamoja na wizi.