Jiko la Kuchomea Nyama Uani: Afya Itangulie Bei na Mwonekano

Nyama choma ni sehemu ya maisha ya mijini Afrika Mashariki. Zamani walaji waliifuata baa au kwenye mabanda ya wachomaji. Siku hizi familia nyingi zenye ua, hata ule mdogo, hutaka kuwa na jiko lao la nyumbani kwa ajili ya Jumapili, sikukuu, kipaimara na mahafali. Jiko hilo hupatikana kwa njia mbili. Wapo wanaoliagiza kwa mafundi wa chuma, kama wale wa Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi, ambao huweza kulitengeneza kwa pipa lililopasuliwa katikati, likawekewa miguu na wavu. Wapo pia wanaonunua dukani jiko lililotoka nje ya nchi, lenye kifuniko, magurudumu na pengine mtungi wa gesi. Katika njia zote mbili mnunuzi huuliza maswali yaleyale: ni bei gani, linabeba kilo ngapi, litadumu miaka mingapi, na je, linapendeza?

Maswali hayo ni halali, lakini yanaliacha swali la msingi. Jiko la nyama ni kifaa kinachogusa afya ya mlaji, ya mchomaji na ya watoto wanaocheza karibu nalo. Kwa hiyo swali linalostahili kutangulia ni hili: mafuta yanayochuruzika kutoka kwenye nyama yatadondokea wapi, na moshi utakaofuka utamfikia nani? Jiko linalojibu vizuri swali hilo si lazima liwe ghali. Mara nyingi tofauti kati ya jiko jema na baya ni shubiri moja ya urefu na bamba moja la kukingia mafuta.

Moshi na madhara yake

Uhusiano kati ya masizi na saratani ni miongoni mwa mambo ya kale katika tiba ya kisasa. Mwaka 1775 daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, alieleza saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani iliyowapata wasafishaji wa mabomba ya moshi. Mwaka 1933 watafiti wa jiji hilohilo walifanikiwa kutenga benzopireni kutoka katika lami ya makaa ya mawe, na leo kemikali hiyo inahesabiwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuwa ni kisababishi cha saratani kwa binadamu. Benzopireni na ndugu zake huzaliwa pale mafuta yanapoungua. Tone la mafuta likiangukia kaa jekundu hulipuka kuwa moshi na ulimi wa moto. Moshi huo hupanda na kuigandisha kemikali juu ya nyama ileile iliyodondosha mafuta.

Kundi la pili la kemikali halihitaji moshi. Mwaka 1977 mtafiti Takashi Sugimura na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba sehemu zilizoungua za samaki na nyama zina vitu vyenye uwezo wa kubadili chembe za urithi. Vitu hivyo, viitwavyo amini za heterosaikliki, hutokana na protini na viambata vingine vya msuli vinapokaa muda mrefu katika joto kali, hasa linapozidi nyuzi 150 za Sentigredi. Kundi la kwanza basi hutegemea mahali mafuta yanapoangukia, na la pili hutegemea ukaribu wa nyama na moto. Mambo hayo yote mawili huamuliwa na umbo la jiko.

Haki inadai ushahidi usitiwe chumvi. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka nyama iliyosindikwa, kama soseji, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na nyama nyekundu katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha. Hata hivyo, wataalamu wake hawakupata takwimu za kutosha kuamua kama namna ya kupika nyama hubadilisha kiwango cha hatari. Hakuna sababu, kwa hiyo, ya kumtisha mtu kwamba kila mshikaki ni ugonjwa. Sababu ya kubadili jiko ni nyepesi na ya busara zaidi: pale ambapo madhara yanashukiwa kwa msingi wa maana, na kuyapunguza hakugharimu kitu kikubwa, kutofanya hivyo ni uzembe. Ama kuhusu mapafu, shaka ni ndogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu itokanayo na nishati za kupikia majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Moshi wa nyama choma ya Jumapili haulingani na ule wa jiko la kuni la kila siku, lakini mapafu yanayoupokea ni yaleyale.

Mkaa au gesi?

Mjadala wa wanunuzi wengi huishia hapa, na mara nyingi huishia vibaya. Inadhaniwa kwamba mwenye jiko la gesi amemaliza tatizo la moshi. Ni kweli kwamba gesi huwaka kwa usafi kuliko mkaa, haiachi majivu, na joto lake hudhibitiwa kwa kuzungusha kitufe. Ni kweli pia kwamba inaendana na mwelekeo wa kitaifa: Tanzania ina mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia. Lakini mafuta ya nyama hayajui yameangukia nini. Yakidondoka juu ya bamba la chuma lililoshika moto wa gesi, yataungua na kutoa moshi wenye kemikali zilezile. Jiko la gesi lisilo na njia ya kuyaelekeza mafuta pembeni, kwenye chombo cha kuyakinga, ni ghali tu. Si salama kwa sababu ya bei yake.

Kinyume chake, jiko la mkaa lililopangwa vizuri linaweza kuchoma nyama kwa moshi mdogo. Siri yake ni kuutenganisha moto na nyama. Makaa hukusanywa upande mmoja, nyama huwekwa upande wa pili, na chini ya nyama huwekwa sinia la kukinga mafuta. Kifuniko huzungusha joto kama tanuri. Hii ndiyo faida ya yale majiko ya mviringo yaliyotokana na kazi ya George Stephen, ambaye mwaka 1952, akiwa katika karakana ya chuma ya Chicago, alitumia umbo la boya lililokatwa nusu kutengeneza jiko lenye kifuniko. Mafundi wa hapa nchini wanaweza kufanya jambo hilohilo kwa pipa: nusu moja ikawa jiko, na nusu ya pili, badala ya kuuzwa kuwa jiko lingine, ikafungwa bawaba na kuwa kifuniko.

Uchaguzi kati ya mkaa na gesi basi ufanywe kwa sababu za mazingira, gharama na urahisi. Swali la mafuta na moshi hubaki palepale kwa wote wawili.

Chuma chenyewe kichunguzwe

Jambo la tatu halizungumzwi kabisa sokoni: jiko limetengenezwa kwa nini? Pipa huwa na historia yake. Lililobeba mafuta ya kula si sawa na lililobeba viuatilifu, rangi au vilainishi vya mitambo, na kulichoma moto mara moja hakutoshi kuwa ushahidi wa usafi. Mnunuzi ana haki ya kuuliza pipa lilibeba nini, na fundi asipojua, busara ni kuagiza jiko la bamba jipya la chuma cha kawaida.

Wavu nao una mtego wake. Nyavu nyingi za bei nafuu ni za waya uliopakwa zinki ili usishike kutu. Ndizo zinazotumika kwenye mabanda ya kuku na madirishani. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na kaa jekundu linalopepewa huvuka kiwango hicho. Joto likizidi, zinki hutoa mivuke ambayo mtu akiivuta kwa wingi huweza kupata homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye, mtu asijue chanzo. Isitoshe, zinki huyeyushwa na tindikali, na nyama ya Afrika Mashariki mara nyingi hulowekwa kwenye ndimu, siki au ukwaju. Wavu wa chuma cha pua, au wa nondo nyembamba zisizopakwa kitu, ni ghali kidogo lakini hudumu na husafishika.

Usafishaji wenyewe unahitaji tahadhari. Mwaka 2012 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilichapisha taarifa za wagonjwa waliomeza nyuzi za chuma zilizong'oka kwenye brashi za kusafishia majiko ya nyama. Nyuzi hizo ziliwachoma kooni na wengine zikawatoboa utumbo. Kitambaa kilicholowa, kipande cha mbao au kitunguu kilichokatwa nusu husafisha wavu wenye moto bila hatari hiyo.

Anayesimama mbele ya jiko

Mazungumzo ya afya ya nyama choma humtaja mlaji na kumsahau mchomaji. Mlaji hula kwa nusu saa. Mchomaji huinama juu ya moshi alasiri nzima, na nyumbani mara nyingi ni kijana wa kazi au mdogo katika ukoo, asiye na nafasi ya kulalamika. Jiko fupi humlazimu kuweka uso wake katikati ya moshi. Jiko linalofika kiunoni, lenye koleo ndefu na mpini usioshika moto, humwezesha kusimama wima na kujitenga. Urefu huo pia huliweka kaa mbali na mikono ya mtoto. Miguu iwe mipana na imara, kwa kuwa jiko linaloyumba ni ajali inayosubiri siku yake.

Mahali pa kuliweka ni pa wazi, mbali na madirisha, kamba za nguo na ukuta wa jirani. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani kamwe, si kwa sababu ya mvua wala baridi, hata kama moshi umekwisha. Kaa lisilotoa moshi bado hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania hemoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala nayo chumbani huenda asiamke. Kwa upande wa gesi, iliyo kwenye mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini. Mpira na viungio vyake vipimwe kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti.

Hoja ya ladha

Wapenzi wa nyama choma watapinga kwamba nyama bila moshi ni kama imechemshwa. Hoja hii ina ukweli, lakini si wote. Rangi ya kahawia na harufu inayoita mate hutokana zaidi na mmenyuko kati ya protini na sukari uliochunguzwa mwaka 1912 na daktari Mfaransa Louis Camille Maillard. Mmenyuko huo huhitaji joto na nyama iliyokauka juu. Hauhitaji ulimi wa moto. Kahawia ni ladha, weusi ni mkaa. Jiko lenye ngazi mbili za wavu, moja ya juu ya kuivishia taratibu na moja ya chini ya kumalizia kwa dakika chache, humpa mlaji ukoko autakao bila kuiunguza nyama. Kuigeuza mara kwa mara, kuilowesha kwenye viungo, au kuitokosa kidogo kabla ya kuichoma, kama wafanyavyo wapishi wengi kwa nyama ngumu ya mbuzi, hupunguza muda wake motoni na kemikali zake pia.

Wala hofu ya kuunguza isizae nyama mbichi. Kuku aive hadi nyuzi 74 ndani, nyama ya kusaga hadi 71, na sinia lililobeba nyama mbichi lisibebe iliyoiva kabla ya kuoshwa.

Wajibu wa wataalamu

Ushauri wa afya umezoea kumwambia mwananchi aache. Kwa nyama choma ushauri huo hausikilizwi, na pengine hausitahili kusikilizwa, kwa kuwa meza hiyo ndiyo inayowakutanisha ndugu na kumaliza magomvi. Ushauri wenye manufaa ni ule unaofika karakanani. Chuo cha ufundi kinachomfunza kijana kuchomelea kingeweza kumfunza pia mambo matano: urefu wa kiunoni, wavu usio na zinki, ngazi mbili, kikingio cha mafuta na kifuniko. Maofisa afya wakiyazungumza na mafundi, jiko moja jema litaigwa na karakana nzima, kwa kuwa fundi hutengeneza kile mteja anachokiuliza.

Mteja naye ana sehemu yake. Atakapokwenda kuagiza jiko, aanze kwa kumwonyesha fundi kwa kidole: mafuta yatapita hapa, makaa yatakaa kule, na mchomaji atasimama hapa. Bei wajadiliane baadaye.