Faida ya Ziwani Iko Kwenye Banda Dogo, Si Kwenye Ghorofa

Mfanyabiashara wa Kanda ya Ziwa akipata ziada, aghalabu hufikiria basi dogo, nyumba ya kupangisha au gesti ya ghorofa kando ya maji. Kwa mwenye mtaji mdogo, wazo hili la tatu ndilo la hatari kuliko yote. Fedha ya ziwani ipo, lakini iko kwenye banda la chumba kimoja au viwili, lililo safi, na lililojengwa mbali kidogo na maji.

Soko lenyewe limesogea. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na sasa mkazi wa Mwanza anavuka kwenda upande wa Sengerema na Geita kwa gari bila kusubiri kivuko. Mteja mpya wa fukwe hizo ni mwalimu, mwenye duka la jumla, karani wa benki, pamoja na mke na watoto wawili. Anataka kulala Jumamosi, ale samaki, watoto wacheze, Jumapili jioni arudi nyumbani. Hatafuti lifti wala zulia. Hata Hifadhi ya Kisiwa cha Rubondo, ambako wageni hutoka mbali, ina mabanda ya kawaida ya kulaza watu.

Hesabu ya kukadiria inaonyesha tofauti. Mathalani mwekezaji ana shilingi milioni 20 zake mwenyewe, akajenga mabanda mawili kwa milioni 10 kila moja, choo na tangi vikiwamo. Akitoza shilingi 50,000 kwa usiku, na mabanda yakajaa Ijumaa na Jumamosi tu, kwa wiki nne atapata shilingi 800,000. Akitoa 350,000 za mlinzi, mfuaji na matengenezo, hubaki 450,000. Mtaji utarudi katika muda usiofika miaka minne. Mwezi mbaya, wageni wakiwa nusu, atabakiwa na 50,000. Hiyo ni ndogo, lakini hadaiwi. Aliyejenga vyumba 20 kwa mkopo, mwezi huohuo mbaya humkuta na rejesho la benki, mishahara na jenereta. Mmoja anasubiri msimu, mwingine anasubiri dalali wa mnada.

Wenye hoteli kubwa husema fedha nzuri iko kwenye semina. Ni kweli, lakini semina hutaka ukumbi, jiko kubwa na umeme usiokatika. Hapo mwenye milioni 20 anashindana na mwenye bilioni, na mwisho wake unajulikana.

Sasa anunue nini kwanza? Si marumaru. Banda la mbao za paini juu ya nguzo fupi za zege, bati lenye dari ili joto la mchana lisishuke kitandani, na baraza pana inayotazama ziwa. Ndani kitanda imara, chandarua kisichotoboka, na wavu mzuri madirishani. Wadudu wadogo wa ziwani hupanda juu ya maji kama moshi na kufuata taa, na mgeni aliyekula wali uliojaa wadudu harudi. Taa mbili tatu za sola zatosha, moja ikiwa njia ya chooni.

Maji ndiyo kipimo cha biashara hii. Ziwa Victoria lina kichocho, hasa penye maji tulivu yenye majani na konokono, kwa hiyo kumwambia mgeni aoge ziwani ni kumuuzia ugonjwa. Dawa yake si ghali. Yafaa kuwa na matangi mawili ya plastiki yenye vifuniko, yanayojazwa kwa zamu. Maji yakikaa ndani siku 2 bila konokono, vijidudu vya kichocho hufa, na maji hayo yanafaa kuogea. Ya kunywa lazima yachemshwe au yanunuliwe. Choo nacho kiwe mbali na ufuko, kwa sababu kinyesi kinachofika majini ndicho kinachoendeleza kichocho hichohicho.

Hatari kubwa kuliko zote ni kiwanja chenyewe. Ziwa hili hupumua. Mwaka 2006 maji yalishuka sana, ufuko ukawa mpana, na ardhi iliyokuwa chini ya maji ikaonekana kama mali ya bure. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42 na kuipita rekodi ya mwaka 1964 iliyokuwa mita 13.41. Mwaka 2024 maji yalipanda tena kupita hapo. Kati ya mwaka ule wa ukame na mafuriko hayo tofauti ni zaidi ya mita 2 kwenda juu, na penye ufuko wa tambarare hizo ni hatua nyingi sana za nchi kavu. Aliyejenga kwa kufuata maji yalipokuwa 2006 alikuwa anajenga ndani ya ziwa.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wapo wanaoiona kama kikwazo cha wawekezaji wazalendo. Kwa mtu wa mtaji mdogo ni bima asiyoilipia. Mgeni hatapungukiwa kitu kwa kutembea dakika moja hadi majini, lakini mwenye banda lililozama amepungukiwa na kila kitu.

Kwa hiyo, kabla ya kumpa dalali hata shilingi moja ya kishika uchumba, mnunuzi aende kwenye mwalo wa jirani, awaulize wavuvi wazee maji yalifika wapi mwaka 2020 na 2024. Wataonyesha mti au jiwe. Ajipimie mita 60 kuanzia hapo kwenda juu, kisha ahakikishe hati zake ofisi ya kijiji na ya ardhi. Kiwanja kikiishia chini ya alama hiyo, bei yake hata iwe nafuu namna gani, ni ghali.