Halmashauri zitenge fedha za moto kabla ya kiangazi

Wennington ni kijiji kidogo ng'ambo ya mto Thames, kilomita chache tu mashariki ya hapa Thamesmead tunapoandikia tahariri hii. Tarehe 19 Julai 2022, siku ambayo joto la Uingereza lilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu vipimo vianze kuwekwa, moto uliopita katika nyasi kavu uliingia kijijini humo na kuteketeza nyumba zaidi ya kumi mchana kweupe. Siku hiyo Kikosi cha Zimamoto cha London kilipokea simu zaidi ya 2,600, na Meya Sadiq Khan alisema kikosi hakijapata kuwa na siku yenye kazi nyingi kiasi hicho tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Wasomaji wetu wengi walikuwa hawajui kwamba moto wa nyika unaweza kufika London. Huo walidhani ni wa kwetu, au wa Australia na California. Lakini Thamesmead yenyewe ilijengwa kuanzia miaka ya 1960 juu ya mabwawa ya Plumstead na Erith, na mpaka leo kando ya mto kuna nyasi na matete yanayokauka kama makuti kila mvua inapokatika. Moto ule ulipiga upande wa pili wa mto. Siku nyingine unaweza kupiga upande huu.

Ikumbukwe kuwa Januari 2014, Boris Johnson akiwa Meya, vituo kumi vya zimamoto vya London vilifungwa ili kubana matumizi, na kituo cha Woolwich, jirani yetu, kilikuwa kimojawapo. Hatusemi kwamba kituo hicho kingeiokoa Wennington. Tunachosema ni kwamba maamuzi ya namna hiyo hufanywa siku ambayo hakuna moshi angani, na siku hiyo kila shilingi ya tahadhari huonekana kama ya kuchezea.

Serikali ya Uingereza inao utaratibu unaoitwa Bellwin. Halmashauri ikipatwa na janga, na gharama zake za dharura zikapita asilimia 0.2 ya bajeti yake ya mwaka, inaweza kurejeshewa kinachozidi hapo. Ni utaratibu mzuri, lakini ni wa baada ya janga. Halmashauri haiwezi kuutumia kufyeka nyasi nyuma ya nyumba za watu mwezi wa Mei, ingawa kazi hiyo ni ya trekta moja na dereva wake. Barking na Dagenham, ng'ambo ya mto, walianza baada ya 2022 kufyeka njia za kuzuia moto katika viwanja vyao wakishirikiana na zimamoto. Ilibidi nyumba ziungue kwanza. Na mwaka 2025 idadi ya moto wa nyika katika England na Wales iliipita ile ya 2022.

Tumeanza na Uingereza makusudi, maana nyumbani tuna tabia ya kudhani kwamba wenzetu walioendelea wamekwisha kulimaliza tatizo hili kwa ndege na mitambo. Hawajalimaliza. Ugonjwa ni uleule, yaani fedha zinazokuja baada ya majivu. Tofauti ni kwamba kwetu dawa yake ni ya bei nafuu zaidi.

Oktoba 2020 moto uliwaka Mlima Kilimanjaro na kula kilomita za mraba zipatazo 95 kabla ya kudhibitiwa. Waliopanda kuuzima walikuwa askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka na mamia ya wananchi wa vijiji vya chini ya mlima, wengi wao wakiwa na matawi na mapanga. Dunia nzima iliona picha. Wenye vijiji hawakushangaa, kwani mlima huo huwaka mara kwa mara wakati wa ukame, na miezi yenyewe inajulikana.

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 iliweka huduma za zimamoto na usimamizi wa maafa mikononi mwa kaunti. Sheria ya fedha za umma ya 2012 ikaziruhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura. Lakini kwa sheria hiyo, dharura ni jambo la haraka ambalo halikutarajiwa. Sasa tujiulize, moto wa Mlima Kenya wa Machi 2012 na ule wa Aberdare wa Februari 2022 haukutarajiwa na nani? Hakuna mchunga mbuzi asiyejua kuwa miezi ya Januari mpaka Machi ni miezi ya moto huko juu. Kwa kuwa jambo linatarajiwa, mfuko wa dharura hauwezi kulilipia mapema. Na kwa kuwa halimo katika bajeti ya kawaida, hakuna fungu jingine la kulilipia. Juu ya hapo, misitu na mbuga ziko chini ya mashirika ya serikali kuu, huku watu wanaoishi pembeni wakiwa wa kaunti. Moto hauulizi mpaka huo uko wapi, lakini karani wa fedha huuliza.

Tanzania ilikwenda njia nyingine. Zamani zimamoto ilikuwa ya halmashauri. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Nia ilikuwa njema, kuwa na jeshi moja lenye mafunzo ya aina moja. Lakini gari la zimamoto ni la mjini. Haliwezi kupenya miombo ya Liwale wala kupanda vilima vya Uluguru. Huko zimamoto ni mwenyekiti wa kijiji anayepiga mbiu, na vijana wanaoacha vibarua vyao wakakate matawi mabichi. Halmashauri nyingi mchango wao ni sheria ndogo inayomtoza faini anayechoma moto ovyo. Faini ni sawa, lakini haijawahi kufyeka njia ya kuzuia moto.

Kikubwa zaidi, na ambacho hatujasikia kikijadiliwa vya kutosha, ni suala la kalenda. Mwaka wa fedha wa Tanzania na wa Kenya huanza tarehe 1 Julai. Miombo inapaswa kuchomwa mapema, kwa utaratibu, kati ya Mei na Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto upite taratibu na kuacha miti salama. Basi kazi inatakiwa kufanyika katika miezi ambayo hazina ya halmashauri imebaki kombe tupu, au kilichobaki kinakimbizwa kwenye semina kisije kikarudishwa. Fedha mpya zinapofika nyasi zimekwisha kuwa baruti. Afisa misitu mwaminifu atakayechoma mapema mwezi huo wa Agosti kwa kuwa ndipo alipopata mafuta ya pikipiki, atakuwa amewasha janga kwa mkono wake.

Kwamba inawezekana, Kilwa wameonyesha. Huko baadhi ya vijiji vilipata haki ya kusimamia misitu yao wenyewe na kuuza mbao, mpingo ukiwemo, kwa mpango maalumu wakisaidiwa na shirika la uhifadhi wa mpingo. Uchomaji wa mapema ukawa sehemu ya kazi ya kamati za maliasili za vijiji hivyo. Sababu si kwamba watu wa Kilwa wana uchungu na msitu kuliko wa Kilombero au Tabora. Ni kwamba kijiji kilikuwa na pato lake kutoka msituni, na hivyo kilikuwa na cha kulinda na cha kumlipia doria bila kusubiri hundi kutoka wilayani.

Tutaambiwa halmashauri ni maskini, na kwamba kabla ya moto kuna madawati na dawa za zahanati. Hoja hiyo tunaiheshimu. Lakini sheria ya Tanzania inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, yaani 4, 4 na 2. Kwa hiyo sheria ikitaka, fungu hupatikana. Sisi hatuombi asilimia 10. Tunaomba fungu dogo lenye jina lake katika halmashauri zenye misitu na nyika, litolewe ifikapo Aprili, lipelekwe kijijini badala ya kubaki wilayani, na matumizi yake yasomwe kwenye mkutano wa kijiji mbele ya walioshika mapanga. Sharti la mwisho tunalitilia mkazo. Bila hilo, fungu litaishia kwenye posho za kikao cha kujadili moto.

Madiwani huanza kuiona rasimu ya bajeti miezi ya mwanzo wa mwaka. Huo ndio wakati wa kuwauliza liko wapi fungu la moto, si Oktoba.

Nasi tulio huku tuna la kufanya. Watu wa Thamesmead wako chini ya halmashauri mbili, Greenwich na Bexley, na sehemu kubwa ya ardhi iko mikononi mwa Peabody tangu 2014. Mahali penye wenyewe watatu, nyasi huweza kukosa mwenyewe. Tunalipa kodi ya halmashauri kila mwezi. Tuwaandikie madiwani wetu tuwaulize ni nani anayefyeka, wapi na lini. Na kwa vijiji vyetu, jamii zetu hapa ni hodari wa kuchangishana pindi picha za nyumba zilizoungua zinapozunguka kwenye simu. Kijiji kikiandika kuomba reki thelathini, mabuti na pampu za mgongoni, mazungumzo hukatika. Vifaa hivyo bei yake ni ndogo kuliko mabati ya nyumba moja, na vikitumwa sasa vinaweza kufika kabla ya Mei.