Wapagazi Nao Wana Majina



Likizo za shule zikikaribia, haipiti wiki hapa Toronto bila kusikia kwamba kijana wa fulani anakwenda kupanda Kilimanjaro. Ni jambo la kupongezwa. Mtoto aliyelelewa katika mji huu wa tambarare kufika Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari, si kazi ndogo. Mnara wa CN tunaouona kila siku una mita 553. Panga minara 10 kama huo, mmoja juu ya mwingine, na bado kilele cha Kibo kitaipita. Mlima wenyewe umesimama peke yake nyikani: Shira, Mawenzi na Kibo, volkano tatu zilizoungana. Mpandaji huanzia kwenye migomba na kahawa ya Wachagga, akapita msitu wa mvua, akavuka nchi ya vichaka na jangwa la mawe, na mwishowe akaikuta barafu, naye yu digrii 3 tu kusini ya ikweta.

Ninalolalamikia ni namna tunavyoisimulia safari hiyo. Picha zikifika, chini yake huandikwa majina ya vijana wetu wote, kisha huongezwa: "pamoja na wapagazi." Je, hao hawana majina?

Desturi hii ni ya zamani. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliuona mlima ule ukiwa mweupe kileleni. Aliyemwongoza kutoka pwani ni Bwana Kheri, Mswahili. Kiongozi huyo aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akaandika kwamba ni theluji, na huko London wakatokea mabingwa wa jiografia ambao hawajaukanyaga mlima huo, wakabisha kwa miaka mingi. Neno la Bwana Kheri lilikuwa sahihi, lakini leo anayetajwa ni Rebmann.

Vivyo hivyo tarehe 6 Oktoba 1889. Hans Meyer wa Ujerumani na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kileleni, na dunia ikawaandika kuwa wa kwanza. Lakini katika kambi ya juu alibaki nao mtu wa Pangani, Mwini Amani, akiistahimili baridi ile siku baada ya siku ili wao wapate kupanda. Meyer mwenyewe alimtaja. Waliosimulia baadaye ndio waliomwacha. Na watu wa Marangu hadi leo humtaja mzee wao, Yohani Kinyala Lauwo, kuwa ndiye aliyeonyesha njia.

Tazameni na hapa tunapoishi. Mlima mrefu kuliko yote wa Kanada ni Logan, kule Yukon, wenye mita 5,959. Ulipandwa mara ya kwanza mwaka 1925, na watu 6 waliofika kileleni wote wanajulikana kwa majina yao. Basi kuandika majina si kazi inayomshinda mtu akiitaka.

Atasema mtu kwamba wapagazi wamekwisha kulipwa, na hayo yatosha. La hasha. Ujira ni haki yao, si badala ya heshima. Tena kanuni za hifadhi zasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na mpandaji naye yampasa aangalie kwamba kanuni hiyo inafuatwa. Asiyemjua mtu hata jina, atajuaje kama amelemewa, au kama amelala bila blanketi?

Sisi wahamiaji tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Ni wangapi kati yetu ambao majina ya babu zao yalikatwakatwa katika makaratasi ya ugenini, na leo wajukuu hawajui kuyatamka? Tusiwafundishe watoto wetu kuwatendea wengine hayo hayo.

Kwa hiyo natoa rai. Kijana wetu akifika langoni, kabla hajafunga kamba za viatu, na atoe daftari amwulize kila mmoja jina lake na kwao wapi. Akirudi, majina hayo yaandikwe chini ya picha sawasawa na lake. Na mhariri wa kitabu hiki asipokee picha isiyo na majina kamili.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hawa walikuwapo.